Unyayo Kwenye Kompyuta ya Kiwanda

Vijana wa ofisi, siku mliyoniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, kisha mkaniambia niandike mambo ya kazi ya zamani. Blanketi nashukuru. Saa sijui ni ya nini, maana mtu aliyestaafu ndiye hataki kabisa kuangalia saa. Kuandika nimekubali, ila vyeo sitaviandika kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ni ule ule mnaoulilia nyinyi kila mwisho wa mwezi.

Nilianza kazi mjini Kericho mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka Kiptere na cheti cha kupiga chapa na viatu vya dada yangu. Mzee Gachanja alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, anatengeneza taipureta za shule, za ofisi za serikali na za viwanda vya majani chai. Mimi nilidhani naenda kukaa mezani na kupiga chapa kama mtu wa maana. Siku ya kwanza akanipa brashi ya kupakia rangi, chupa ya mafuta ya cherehani na taipureta iliyotoka kiwandani, akasema, "Toa chai."

"Chai gani, Mzee?"

"Iliyo humo ndani."

Nikafungua. Wueh! Vumbi la chai lilikuwa limejaa kila mahali, jeusi, limeshikana na mafuta mpaka herufi zilikuwa zimelala kama watu waliokula sana. Nilipiga chafya mpaka jioni. Vumbi hilo nimepigana nalo maisha yangu yote, na nyinyi mnaotumwa viwandani leo nawaambia hivi: kabla ya kusema kompyuta imekufa, fungua, toa chai kwenye feni. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia na unarudi mjini mapema.

Mzee Gachanja alikuwa Mkikuyu wa miaka mingi pale mjini, mpole, mtu wa kusema polepole hata nyumba ikiungua. Alinicheka nikisema "tisketi" badala ya disketi, na mimi nikamcheka yeye akisema "raini" badala ya laini, tukawa sawa. Alinifunza jambo ambalo hamtalipata kwenye kozi zenu. Kabla ya kushika bisibisi, tafuta mtu aliyetumia mashine mara ya mwisho ikiwa nzima, umuulize alikuwa anafanya nini. Si mkubwa wake, si yule aliyekupigia simu. Yeye mwenyewe, na umwache amalize kusema.

Taipureta zilianza kupungua, kompyuta zikaingia, na Mzee, ambaye tayari alikuwa na mvi, akanunua kitabu kinene akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Viwandani shida ilikuwa virusi. Disketi moja ilitoka ofisini ikaenda kwa mtoto wa karani shuleni, ikarudi na magonjwa ya wilaya nzima. Ndipo miaka ya tisini ikiwa inakwisha Mzee akaja kutoka Nairobi na sidii za Linux kwenye mfuko wa plastiki, amezikumbatia mbele ya kifua kama mayai.

Kuiweka Linux siku hizo si kama leo mnavyobonyeza tu "endelea, endelea". Ulitakiwa kuiambia kompyuta skrini yako ni ya aina gani, na ukiiambia uongo skrini ililia kwa sauti nyembamba na ungeweza kuiunguza. Mzee alikuwa anaweka kidole kwenye swichi ya kuzimia, tayari, huku mimi nabonyeza na kufumba macho. Tukishafaulu, ilibaki kuchagua sura. Linux haina sura moja ya kufanyia kazi. Zilikuja kadhaa ndani ya mfuko mmoja, na mtu anachagua ipi iwe inafunguka yenyewe akiingia. Sisi tulizoea ile inayoitwa KDE, kwa sababu ilikuwa na folda zimepangwa hapo mbele na karani hakuhitaji kutafuta. Nyingine iliitwa GNOME, na pale chini pembeni ilikuwa na alama ya unyayo, unyayo wa mtu kabisa, na vidole vyake.

Sasa kumbukeni ilikuwa miaka gani. Kufuata nyayo za rais ilikuwa siasa ya nchi nzima. Sisi tuliimba nyayo shuleni, tukapewa maziwa ya nyayo, kila mtu alijua ni nyayo za nani. Basi meneja wa kiwanda kimoja upande wa Bomet, kiwanda ambacho sitakitaja, alikuja dukani kwetu akaona unyayo huo kwenye kompyuta ya Mzee. Akasimama. Akauliza, "Hiyo ni kompyuta ya serikali?" Mzee akamwambia ni sura tu, mtu yeyote anaweza kuiweka. Meneja hakucheka. Wiki hiyo hiyo akapiga simu: anataka unyayo uwe kwenye kompyuta ya kiwanda chake, maana wageni wakubwa hupita ofisini na hataki waone picha za ajabu ajabu.

Tukaenda. Karani wa asubuhi alikuwa Mama Chebet, mama wa Sigor, mchapa kazi, mkali kama pilipili. Mzee akafanya kazi yenyewe, ambayo ni ndogo mno: kuna faili moja ndani ya folda ya mtumiaji, jina lake linaanza na nukta ili lisionekane ovyo, na ndani yake unaandika mstari mmoja wa kusema sura ipi ianze. Akaandika, akahifadhi, akasema, "Haya Mama, toka nje kisha uingie tena, utaiona."

"Nitoke niende wapi?"

"Utoke ndani ya kompyuta."

"Mzee, hapa hatutoki," Mama Chebet akasema. "Hujaona majani vile yamejaa huko nje?"

Hapo ndipo lazima niwaeleze desturi ya kiwanda, la sivyo hamtaelewa yaliyotokea. Msimu wa majani mengi mashine za chai hazizimwi. Majani hayangoji mtu. Mtu wa shifti inayokwisha anasimama kando ya mashine yake, anaiwekea mkono, anamwambia anayeingia, "Inaenda." Yule anaweka mkono wake pia, anajibu, "Nimepokea." Draya ya kukausha hupokewa hivyo, boila hupokewa hivyo, hata ukanda unaobeba majani. Ukiacha mashine imezimwa umemwachia mwenzako aibu. Na kompyuta ilipokuja, makarani wakaipokeza hivyo hivyo. Mama Chebet aliweka mkono juu ya skrini, "Inaenda," naye Ouma wa mchana akajibu, "Nimepokea." Wote walitumia jina moja la kuingilia, na jina hilo lilikuwa limeingia tangu siku tulipowaletea mashine. Stima ikikatika, jenereta iliwaka, na betri ya kompyuta ilivumilia hapo katikati.

Mzee akacheka, akamwambia Mama Chebet, "Sawa. Siku mtakapoingia upya mtakuta ina sura nyingine, msishtuke." Mama Chebet akasema amesikia. Lakini kupokezana kwao kulikuwa na neno moja tu, inaenda, na kweli ilikuwa inaenda. Hakumwambia mtu. Meneja akapita ofisini akaangalia, hakuna unyayo, akanung'unika kwamba fundi wa Kericho ni wa maneno matupu, akaendelea na mambo yake. Kisha Mama Chebet akachukua likizo, akaenda kwao Sigor kupanda mahindi.

Ndipo siku moja, mchana wa mvua, simu ikalia dukani. Ilikuwa sauti ya meneja na ilikuwa juu. Rekodi zimefutwa. Zote, za majani yaliyopokelewa, za draya, za stoo. Amemjua aliyefuta. Tuje tuone kama kuna kitu kitaokolewa.

Mvua ilikuwa imeifanya barabara utelezi, na pikapu ya Mzee ilienda kwa upande zaidi ya ilivyoenda mbele. Tulipofika, Ouma alikuwa amesimama barazani, kando yake askari wa geti. Wafanyakazi waliokuwa wanashusha majani walimwangalia kisha wakaangalia chini. Ouma alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, shati lake kila siku limepigwa pasi. Alikuja kiwandani kijana, akapata watoto hapo hapo kwenye nyumba za wafanyakazi, na watoto wake walisema Kipsigis kunishinda mimi. Mimi aliniita nyar Kiptere, yaani binti wa Kiptere, na kila mara aliniitia chai kabla sijaketi. Siku hiyo alisema tu, "Nyar Kiptere, mmekuja."

Meneja akatupokea ndani. Kulikuwa na minong'ono kwamba chai inatoka stoo kwa mlango wa nyuma, akasema, na sasa rekodi za stoo zimepotea mikononi mwa mtu huyo. Anahitaji ushahidi gani mwingine? Amemfuta kazi. Kabla ya jioni awe ametoka kwenye nyumba ya kiwanda na watu wake wote.

Mzee akakaa mbele ya kompyuta, akaiangalia, hakushika kitu. "Niitie aliyekuwa nayo mara ya mwisho," akasema.

"Huyo si wa kompyuta tena."

"Basi na mimi siwezi, mkubwa. Mimi siponyi mgonjwa bila kuongea na mtu aliyemuuguza."

Meneja akapumua kwa nguvu, akaita askari amlete. Ouma akasimama mlangoni na kueleza polepole. Stima ilikatika. Jenereta ikakataa kuwaka. Betri ikalia, ikalia, ikanyamaza. Stima iliporudi, akawasha, akaingia kama alivyofundishwa siku ya kwanza. "Kuangalia, naona kitu kigeni. Zile folda zangu zote hazipo, na pale chini ni mguu wa mtu. Nikaogopa. Nikainua simu nikamwambia meneja."

"Ni wewe uliyempigia?" nikauliza.

"Ni mimi. Nikasema asije akasikia kwa mtu mwingine."

Mtu amejiripoti mwenyewe kwa uaminifu, na ndiye anayeitwa mwizi!

Mzee akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika maneno mawili, na majina yakateremka kwenye skrini. Aliniambia nisome kwa sauti. Nikasoma: Mapokezi. Draya. Stoo. Akafungua Stoo, ndani kila siku iko mahali pake mpaka ile ya kabla ya stima kukatika. Ouma akashika mlango kwa mikono miwili. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, ziko."

"Kama ziko, mbona zilijificha?" meneja akauliza.

"Hazikujificha. Kila sura ina mahali pake pa kuweka vitu vya mbele, na hii mpya haijui kuangalia mahali pa ile ya zamani. Ni kama umeingia nyumba yako kwa mlango wa jikoni halafu unalia kwamba viti vya sebuleni vimeibwa." Kisha Mzee akamgeukia Ouma kwa upole. "Hebu tupishe kidogo."

Ouma akatoka. Mzee akafunga mlango, akavuta kiti chake karibu na cha meneja. "Mkubwa, unakumbuka ulitaka unyayo?"

"Hukuweka! Nilikuja mimi mwenyewe nikaangalia."

"Niliweka siku ile ile. Lakini agizo hilo husomwa mtu akiingia, na watu wako hawajawahi kutoka. Stima ndiyo imewatoa leo."

Meneja akaangalia ule unyayo. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Akasema, "Kwa hivyo ni mimi."

"Ni stima, mkubwa," Mzee akasema.

Nilimjua Mzee. Alikuwa anampa mtu mkubwa mahali pa kushikilia ili asianguke. Na meneja akashika haraka. "Ndiyo, ni stima. Stima yetu hii ni mbaya sana. Haya, mwambieni Ouma arudi kazini, mambo yaishe."

Sasa mimi nina hasira, mnanijua, na ujanani ndiyo ilikuwa bado mpya. Nikasema, "Na nani atawaambia wale walio nje? Ameaibishwa barazani mbele ya watu. Asafishwe barazani."

Meneja akageuka kama aliyeumwa na siafu. Akaniuliza kwa Kipsigis mimi ni mtoto wa nani, ule uulizaji wa kukukumbusha kwamba wewe ni wa huku na yule ni wa kule. Nilielewa vizuri sana. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili na Mzee Gachanja asikie. "Mimi ni mtoto wa mama mmoja wa Kiptere ambaye angeniuliza, ulikuwa hapo na ukanyamaza?"

Mzee aliangalia viatu vyake. Nilijua kiwanda hicho ni mteja wetu mkubwa, na tukikipoteza ni mimi nimekipoteza. Meneja akasimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja kama anaenda kanisani. Akatoka nje. Tukamfuata.

Barazani akaita watu wa mizani, wa boila, wote waliokuwa karibu. Akasema, "Rekodi zote ziko. Ouma hakugusa kitu. Mimi niliagiza kompyuta ibadilishwe, nikasahau." Akaona bado wanamwangalia, akaongeza, "Si mmesikia? Rudini basi, majani yataungua." Na nitasema ukweli, nimefanya kazi na wakubwa wengi baada ya hapo, na sikuona wengine wengi waliotoka nje kwenye mvua kusema neno hilo. Nilimchukia mchana, jioni nikamheshimu.

Kazi ikabaki ya kumaliza. Mzee alinipa kiti. Tukaacha lile jina moja la wote, nikafungulia kila mtu jina lake na sura yake: meneja unyayo wake ukafunguka kwa jina lake mwenyewe, makarani wakarudishiwa ile waliyoizoea, folda zikiwa mbele. Hilo mlishike. Mnaweza kuweka sura ya kompyuta nzima, au sura ya mtu mmoja mmoja, na ukiweza, mwekee mtu ya kwake, maana usiku ukibadilisha ya wote asubuhi kuna mtu atakayeshtuka. Na msiondoke kabla mwenyewe hajatoka na kuingia mbele ya macho yenu. Tangu siku ile mimi siondoki, hata wakinifukuza. Mama Chebet aliporudi kutoka Sigor akasikia yote, alienda kwa Ouma akamwomba msamaha akilia, na yeye si mtu wa kulia.

Tulipomaliza, Mzee akampa Ouma lifti hadi kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa kuwa mvua haikukoma. Tulikaa watatu mbele, tumebanana. Karibu na daraja Ouma akasema kwamba alikuwa amemtuma mtoto kwa mke wake mapema, amwambie afunge vitu. "Yeye hufunga haraka," akasema. "Mwaka wa vita, makabila yalipochomeana nyumba huku, tulitoka na godoro peke yake."

Mzee akaongeza mwendo kidogo, pikapu ikateleza, akapunguza tena.

Nyumba zile zilikuwa za mstari mmoja, mabati mekundu, na mlango wao tuliujua kutoka mbali kwa sababu vyombo vilikuwa tayari barazani. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Sufuria ndani ya beseni. Kuku wawili wamefungwa miguu. Masanduku ya mbao matatu yamepangwa, na watoto wameketi juu yake wakiwa na nguo za shule na za kanisani zimevaliwa pamoja, moja juu ya nyingine. Mama Akinyi, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa nyumba mkononi, tayari kuurudisha. Alituona, akajaribu kutusalimu, "Karibuni," na hapakuwa na mahali pa kutukaribisha.

"Fungua," Ouma akamwambia. "Nimerudishiwa kazi. Meneja amesema mbele ya watu."

Hakuuliza imekuwaje. Aliketi juu ya lile godoro na kulia kwa sauti, na watoto wakashuka wakamzunguka, na Ouma akasimama pale akimshika bega, shati lake la pasi limelowa lote. Mimi pia nililia, kwa nini nifiche. Mzee Gachanja akainama akawafungua kuku miguu.

Alipotulia, Mama Akinyi akajifuta uso na leso, akaanza kufungua kamba ya godoro. Mafundo yalikuwa magumu, nikapiga magoti kumsaidia. Tukalibeba mimi na yeye, tukalirudisha kitandani. Niliporudi nje nikashika kamba ya sanduku la kwanza ili tuendelee, akanishika mkono.

"Godoro limetosha, mwanangu," akasema. "Masanduku tuyaache kwanza yakiwa yamefungwa."